Programu yangu ya kupanga inaganda nikifika matofali kumi, nakosea wapi?

Swali: "Habari mtaalam. Nasoma akili mnemba na nimeandika programu ya kupanga vitendo vya roboti anayepanga matofali juu ya meza. Nimetumia utafutaji wa upana kwanza. Matofali manne jibu linatoka hapohapo, matano pia poa, nikiweka kumi kompyuta inaganda mpaka nazima. Je, inatakiwa nichore grafu nzima ya hali kabla ya kuanza kutafuta? Na kompyuta itajuaje ielekee wapi wakati jibu lenyewe haina? Afu mwalimu kasema naweza kuanzia mwisho nikarudi nyuma, hapo sijamwelewa."

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Kwanza usianze kufuta msimbo wako maana inawezekana kabisa hauna kosa hata moja, kilichokukuta ni hesabu tu. Hebu tuhesabu namna za kupanga matofali mezani pale mkono wa roboti ukiwa mtupu. Matofali matatu yana namna 13, manne 73, matano 501. Sasa kumi? 58,941,091. Yaani umezidisha matofali mara mbili, hali zimezidi mara laki moja na zaidi. Na hapo bado hali ambazo roboti kashika tofali moja mkononi, hizo ni kama milioni 46 nyingine. Ukisema kila hali inakula baiti 200 tu kwenye memori, zile za kwanza peke yake ni giga 12 hivi, na kwa lugha kama Python ambayo kila kitu kinabebwa kwa gunia lake itakula zaidi ya hapo. Kwa hiyo kompyuta haijaganda kwa ubovu, imejaa.

Swali lako la grafu, jibu ni hapana, usichore. Watu wengi wanashikwa hapa kwa sababu vitabuni wanaona mchoro wa vidoti na mishale umeshakamilika, wanadhani programu nayo inauona hivyo. Haiuoni. Ile grafu ipo kama namba zilivyopo, hakuna aliyeziandika zote mahali ila ukitaka inayofuata unaipata. Programu inahitaji hali ya kuanzia, inahitaji njia ya kujua kama hali fulani imetimiza lengo, na inahitaji kazi moja (function, kipande cha msimbo) ambayo ukiipa hali inakurudishia hali zote zinazofikika kwa kitendo kimoja. Basi. Nodi, yaani kile kidoti kinachosimama badala ya hali moja, inazaliwa pale unapoigusa, na sehemu ya grafu ambayo hujaigusa haili memori hata baiti moja. Ujanja wote wa fani hii, nakwambia ukweli, ni kupata jibu huku umezaa nodi chache iwezekanavyo.

Ngoja nikupe mfano tufanye kwa mkono, maana nikiongea juujuu hutanielewa. Kuna vyumba vitatu vimepangana, A, B na C. Kati ya A na B ni wazi, kati ya B na C kuna mlango umefungwa kwa ufunguo. Roboti yupo B, ufunguo upo A, mzigo upo C, na roboti ana mkono mmoja tu, anashika kitu kimoja kwa wakati. Lengo: mzigo uwepo A. Vitendo ni vinne, kwenda chumba cha jirani, kuokota, kuweka chini, na kufungua mlango akiwa B na ufunguo mkononi.

Kila kitendo unakiandika kwa vitu vitatu, nini lazima kiwe kweli kabla, nini kinakuwa kweli baada, na nini kinaacha kuwa kweli. Mfano kuokota mzigo ukiwa C: kabla, roboti yupo C, mzigo upo C, mkono mtupu. Baada, mzigo upo mkononi. Kinachoondoka, mzigo kuwa sakafuni C na mkono kuwa mtupu. Namna hii ya kuandika ilitoka na STRIPS, programu ya kupanga ya Richard Fikes na Nils Nilsson mwaka 1971, walipokuwa kwenye mradi wa roboti aitwaye Shakey kule California, na mpaka leo lugha ya PDDL iliyotoka 1998 ambayo programu nyingi za kupanga zinaisoma imejengwa juu ya wazo hilohilo. Shika sana hiyo sehemu ya tatu, ya vinavyoondoka, tutairudia na ndo roho ya jibu langu.

Hali zipo ngapi kwenye mfano wetu? Roboti ana sehemu 3, ufunguo sehemu 4 (vyumba vitatu au mkononi), mzigo sehemu 4, mlango hali 2, zidisha unapata 96, toa zile 6 ambazo ufunguo na mzigo vyote viko mkononi, zinabaki 90. Lakini zinazofikika kweli kutoka pale tulipoanzia ni 51 tu, maana mlango ukiwa bado umefungwa roboti hawezi kuwa C wala mzigo hauwezi kuwa umehama. Ona hapo, hata kabla ya ujanja wowote, kutembea kutoka mwanzo kumeshakupunguzia kazi, ukizaa nodi kwa kufuata vitendo huwezi kujikuta kwenye hali isiyowezekana.

Utafutaji wa upana kwanza unachukua hali ya kwanza, unazaa majirani zake, unawapanga foleni, unachukua wa mbele, unazaa wa kwake, hivyohivyo. Faida yake ni kwamba kama kila kitendo kina gharama sawa, mpango wa kwanza utakaoupata ndo mfupi kuliko yote. Hasara ni hiyo uliyoiona. Kila hali ikiwa na vitendo 10 na mpango una hatua 12, ukienda bila kukumbuka ulipopita ni njia trilioni moja. Kwa hiyo hakikisha una seti ya hali ulizokwisha kuziona, na uiweke kwa heshi (namna ya kuhifadhi inayokujibu kama kitu kimo bila kupitia vyote) sio kwa orodha ndefu unayoipitia toka juu mpaka chini kila mara, hilo nimeliona kwa wanafunzi wengi, mtu analia algorithimu mbaya kumbe muda wote unaisha kwenye kukagua orodha. Na hali moja iandikwe kwa namna moja tu! Kama minara miwili ileile ukiitaja kwa mpangilio tofauti programu inaona hali mbili tofauti, hutamaliza leo wala kesho.

Kina kwanza je, yaani kufuata njia moja mpaka mwisho kabla ya kujaribu nyingine? Kinaokoa memori lakini kwenye kupanga kinapotea vibaya, roboti ataenda A, atarudi B, ataokota, ataweka, ataokota tena, na mpango ukipatikana una vituko vya hatua mia. Mimi sikushauri, labda ukiwekee kikomo cha kina na uwe unakiongeza mojamoja, hapo kinakuwa kitu cha maana.

Haya tuje kwenye swali lako la pili ambalo ndo kubwa, kompyuta itajuaje ielekee wapi. Haijui. Inakisia. Unaipa kisio, wenyewe wanaita hyuristiki, yaani kazi inayotazama hali na kusema "kutoka hapa naona zimebaki kama hatua sita hivi". Afu badala ya foleni ya aliyetangulia ndo wa kwanza unatumia foleni ya kipaumbele. Ukipanga kwa kisio peke yake unapata utafutaji wa pupa, unakimbia ila mpango unaweza kuwa mrefu kuliko inavyohitajika. Ukijumlisha hatua ulizokwisha tumia na kisio cha zilizobaki unapata A*, ya Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, 1968, na ndio, ni Nilsson yuleyule. Kisio kikiwa hakizidishi kamwe, yaani hakisemi zimebaki saba wakati kweli zimebaki sita, A* inakuhakikishia mpango bora. Ila angalia, ukague lengo pale unapoitoa hali kwenye foleni, sio pale unapoiingiza. Ukikagua wakati wa kuingiza unaweza kuchukua njia ghali wakati ya nafuu bado iko kwenye foleni, na hili kosa halionekani kirahisi kwa sababu mara nyingi jibu linatoka sahihi.

Sasa kisio kinatoka wapi? Kwenye ule mchezo wa vigae 15 vyenye namba, unavyovisogeza kwenye fremu mpaka vikae kwa mpangilio, watu walikaa wakafikiri wakasema, kwa kila kigae hesabu yuko nafasi ngapi mbali na kwake, jumlisha. Kizuri, lakini hicho ni cha mchezo huo tu, kesho ukiletewa matofali au vyumba kinakuwa hakina maana. Programu ya kupanga inatakiwa ipewe tatizo lolote lililoandikwa vizuri ijitengenezee kisio yenyewe, bila mtu kuisaidia. Hapa ndo kupanga kunapoachana na kutafuta njia kwenye ramani, na kwangu mimi ni moja ya mawazo mazuri kabisa kwenye akili mnemba yote.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuhesabu malengo ambayo bado. Jaribu kwenye mfano wetu. Lengo ni moja, mzigo uwepo A. Mwanzoni bado 1. Roboti kaenda A kachukua ufunguo, bado 1. Kafungua mlango, bado 1. Kaingia C kaokota mzigo karudi nao mpaka A, yupo palepale ameushika, bado 1! Ni akiweka chini tu ndo inakuwa 0. Kisio cha namna hiyo hakijakwambia chochote kwa hatua tisa kati ya kumi, ni sawa na kumuuliza mtu njia akajibu "hujafika".

Wazo linalofanya kazi ni hili: fumba macho kwenye ile sehemu ya tatu ya kitendo, vinavyoondoka. Jifanye hakuna kinachoondoka kamwe. Roboti akienda A anahesabika yupo A na bado yupo B. Akiokota ufunguo, mkono bado mtupu. Ulimwengu wa ajabu, lakini una sifa nzuri, mambo yanaongezeka tu hayapungui, kwa hiyo kuutatua ni rahisi mno kuliko ulimwengu wa kweli.

Tufanye. Mwanzoni tunajua roboti yupo B, ufunguo A, mzigo C, mkono mtupu. Akienda A tunaongeza roboti yupo A. Akiokota tunaongeza ufunguo mkononi. Roboti bado "yupo B" kwa hiyo anafungua mlango hapohapo bila kurudi. Anaenda C. Anaokota mzigo, mkono si bado mtupu. Anauweka A, maana "yupo A" tangu hatua ya kwanza. Vitendo sita. Na mpango wa kweli? Nenda A, okota ufunguo, rudi B, fungua, weka ufunguo chini, nenda C, okota mzigo, rudi B, rudi A, weka mzigo. Kumi. Kisio kimesema 6, ukweli 10, hakijazidisha, na zaidi ya hapo kimegundua chenyewe kwamba ufunguo unahusika, kitu ambacho kwenye lengo hakikutajwa popote!

Ukiufuata ule mpango wa kweli hatua kwa hatua huku unahesabu kisio kila mahali unapata 6, 6, 6, 6, 5, 4, 4, 3, 2, 1, 0. Fanya mwenyewe kwa karatasi, usiniamini hivihivi. Utaona mwanzoni kuna tambarare, hatua tatu nzima kisio hakishuki ingawa roboti yuko njia sahihi kabisa, kwa sababu kurudi B na kuachia mkono ni gharama ambazo ule ulimwengu wa ajabu haukuziona toka mwanzo. Programu inayofuata mteremko tu itakwama pale inazunguka. FF, programu ya kupanga ya Jörg Hoffmann na Bernhard Nebel, iliyong'ara kwenye mashindano ya programu za kupanga mwaka 2000, ilitatua hilo kwa kufanya upana kwanza kidogo kila inapokwama mpaka ipate hali yenye kisio cha chini zaidi, afu inaendelea kushuka kutoka hapo. Na ikikwama moja kwa moja inaanza upya kwa utafutaji wa pupa wa kawaida.

Kuna kitu nisikufiche, kupata mpango mfupi kuliko yote hata kwenye huo ulimwengu rahisi bado ni kazi ngumu kihesabu, kwa hiyo programu hazipati ule mfupi kabisa, zinapata mpango wowote mzuri wa haraka. Ndo maana kisio cha FF wakati mwingine kinazidisha, na ukikitia kwenye A* ile ahadi ya mpango bora inakufa. Ukitaka ahadi ibaki unaweza kutumia kisio kinachohesabu sharti gumu kuliko yote peke yake, hicho hakizidishi ila kwenye tatizo lenye malengo mengi kinakuwa dhaifu maana kinatazama lengo moja tu na mengine kinayaacha. Unachagua. Mimi kwa projekti kama yako ningechagua mpango mzuri unaotoka kuliko mpango bora usiotoka.

Kuanzia mwisho sasa. Mwalimu yuko sahihi, inawezekana, lakini sio kugeuza mishale tu. Mwanzo ni hali moja kamili, unajua kila kitu kiko wapi. Lengo ni maelezo nusu, tumesema mzigo uwepo A, hatujasema roboti awe wapi wala ufunguo, kwa hiyo unaporudi nyuma hubebi hali, unabeba orodha ya masharti. Unauliza, kitendo gani kinaleta mzigo A? Kuuweka A. Basi sasa nahitaji roboti yupo A na mzigo mkononi. Kitendo gani kinaleta mzigo mkononi? Kuuokota chumba fulani. Ukisema kauokota B, lazima awe B wakati huohuo ile orodha bado inadai awe A. Wewe unaona hilo haliwezekani, programu haioni mpaka uifundishe kwamba mtu hawezi kuwa vyumba viwili, na usipoifundisha itapoteza muda kuchimba ndoto za namna hiyo. Faida ni kwamba vitendo visivyohusiana na lengo havikusumbui kabisa. Gemu ya F.E.A.R. ya mwaka 2005, maadui wake walipanga hivihivi, Jeff Orkin aliweka A* inayoanzia kwenye lengo la adui kurudi nyuma, na pale ilifaa kwa sababu mipango ni mifupi sana na inatakiwa itoke haraka gemu ikiwa inaendelea. Ila programu nyingi za kupanga zilizofanya vizuri kuanzia miaka hiyo ya 2000, mfano Fast Downward ya Malte Helmert iliyoshinda mashindano ya 2004, zinatafuta kwenda mbele, kwa sababu visio vilipokuwa vizuri ile faida ya kurudi nyuma ilipungua na kufanya kazi na hali kamili ni rahisi zaidi.

Na ukisikia mtu anakuambia ana mbinu inayomaliza kila tatizo la kupanga haraka usihangaike naye, Tom Bylander alionyesha mwaka 1994 kwamba kupanga kwa mtindo wa STRIPS kwa ujumla kuko kwenye kundi la matatizo liitwalo PSPACE, tena kwenye yale magumu kabisa ya kundi hilo, kwa hiyo daima yatakuwepo matatizo ambayo kisio chako kitapotea. Matofali lakini hayapo kwenye hayo mabaya.

Kwa hiyo kwa msimbo wako, acha utafutaji wako kama ulivyo, badilisha foleni iwe ya kipaumbele, andika kisio cha kufumbia macho vinavyoondoka (ni kama mistari hamsini, sio kubwa), anza na pupa kwanza uone kumi yanapita, ndo ujaribu A*. Na kabla ya yote hayo hakiki kwamba kazi yako ya kuzaa hali ni sahihi: ondoa lengo, uache ule upana kwanza uzunguke mpaka foleni iishe, hesabu hali zilizoonekana. Kama kwako kuokota na kuweka ni vitendo viwili tofauti, matofali matatu yatoe hali 22, manne 125, matano 866. Ukipata zaidi kuna hali umeiandika kwa sura mbili, ukipata pungufu kuna kitendo masharti yake umeyakaza kupita kiasi.